Simiti kwa Jina Langu

Nyamasaria, Kisumu
14 Januari 2024

Mdogo wangu Farouk,

Assalamu alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Nairobi, wewe na wenzako wa dukani. Sisi huku hatujambo, isipokuwa mama na sukari yake. Kile kidonda cha kidole cha mguu bado hakijafunga. Anakusalimu sana na anasema unywe maziwa, maana anaamini Nairobi hakuna maziwa.

Vitabu viko chini ya barua hii, ndani ya katoni. Mpelekee yule mama wa duka la vitabu la River Road, umwambie hiki cha kiboko ndicho watoto wanakipenda. Najua utanicheka kwa kuandika barua zama hizi, lakini nikikupigia simu kila mara uko juu ya lori unapakua mzigo, unaniambia "nitakurudia," na hunirudii. Barua itakungoja.

Farouk, watu hudhani mwandishi hukaa dirishani akatazama ziwa. Wiki hii sikuandika hata ukurasa mmoja. Jumatatu nilikwenda ofisi za kaunti kulipia leseni. Karani akaniuliza, "Mama, biashara yako ni ya aina gani?" Nikamwambia natunga hadithi na kuziuza. Akatafuta hadithi kwenye orodha yake, hakuipata. Mwishowe akaniweka pamoja na wauza magazeti na njugu. Jumatano nikaenda Pap Onditi, kwa Mwalimu Dishon. Shule yake inataka vitabu, watoto wamekwisha kuvisoma hadi vikachanika, lakini bodi imemwambia asinunue kitu bila risiti ya ushuru ya mtandaoni. Nikashinda saiba, duka la kompyuta za kukodi la Nyalenda, nikijaribu kuitoa hiyo risiti, mtandao ukakwama, nikarudi nyumbani mikono mitupu na kichwa kinauma.

Basi nimekubali ulichoniambia mwezi jana. Unasema hapo dukani kwenu kuna mtu anayezijua kazi hizi na wewe umejifunza kwake. Nimekuwekea nakala ya kitambulisho changu, namba yangu ya ushuru, na nyuma ya karatasi hii neno langu la siri. Usimpe mtu. Nikitolewa mzigo huu, nitamaliza kitabu cha tatu kabla ya Ramadhani.

Ni mimi dada yako,
Ruqayya


Nairobi
3 Machi 2024

Dada yangu mpendwa,

Waalaykum salaam. Mimi mzima kabisa, mgongo tu ndio unalalamika kwa sababu ya simiti. Msalimie mama, mwambie maziwa nakunywa.

Vitabu vimefika na yule mama amevichukua vyote. Alianza kusoma cha kiboko pale pale kaunta, wateja wakimngoja.

Sasa sikiliza. Mambo ya ushuru ondoa kichwani. Ritani zako, yaani taarifa za ushuru za mwaka jana, nimeziwasilisha, na risiti ya Mwalimu Dishon nimeitoa, iko humu ndani. Ilinichukua muda mfupi kuliko kunywa chai. Bwana Njenga, mwenye duka letu, ndiye amenionyesha njia. Anasema nina kichwa chepesi na hataki niendelee kubeba magunia, ataniweka ofisini. Baba alikufa akiamini mimi ni mtu wa mabega tu. Laiti angeniona.

Wewe andika. Makaratasi niachie mimi.

Mdogo wako,
Farouk


Nyamasaria
21 Julai 2024

Mdogo wangu Farouk,

Assalamu alaykum. Hujambo? Sisi hatujambo kwa kadiri Mungu alivyotujalia. Hii ni barua ya pili mfululizo, baada ya ile ya Mei, na sijapata jibu, ila najua hukuacha kutufikiria, maana mikono yako imefika hata pale kalamu haikufika.

Kama ulivyosikia kwenye simu, mguu wa mama waliukata chini ya goti. Nilikuwa nimekaa nje ya chumba cha upasuaji nikijiuliza nitawaambia nini watu wa malipo. Nilipokwenda dirisha la malipo, dada wa hapo akaniambia, "Hapa hakuna deni. Imelipwa yote na kijana wake." Nikalia mbele ya watu, Farouk. Na juzi basi limeleta kiti cha magurudumu. Adongo, jirani yetu, alimketisha mama akamsukuma hadi barabarani na kurudi, mama amejifunika buibui lake jipya, anawapungia watu mkono kama bibi harusi. Kila anayekuja anaambiwa, "Hiki amenunua Farouk." Hata muuza sukuma ameambiwa.

Nami nina habari. Shirika moja la maktaba limependa vitabu vyangu vyote vitatu. Wanataka kuvipeleka katika shule za kandokando ya ziwa, kuanzia hapa hadi Homa Bay. Nimesoma barua yao mara nyingi hadi imekunjika. Wanadai kitu kimoja tu: cheti cha ofisi ya ushuru, cha kuonyesha kwamba sina tatizo. Niombee hicho cheti upesi, kisha unitumie. Mchapishaji amekubali kuanza kazi kwa ahadi yangu.

Mama anauliza utakuja lini.

Dada yako,
Ruqayya


Nairobi
30 Agosti 2024

Dada,

Salaam. Mimi sijambo. Cheti kinachelewa kidogo, mtambo wao una shida. Usiende wewe mwenyewe ofisini kwao, utapanga foleni bure. Nitakuletea mkononi.

Mbusu mama.

Farouk


Nyamasaria
17 Oktoba 2024

Farouk,

Assalamu alaykum. Sijui uko katika hali gani. Simu yako imezimwa tangu mwezi jana. Mama anaendelea vivyo hivyo, macho sasa yanafifia, ananitambua kwa sauti.

Nilikwenda. Uliniambia nisiende, lakini watu wa maktaba walikuwa wamenipa siku ya mwisho, nikavaa viatu nikaenda mjini. Nikaketi mbele ya afisa mmoja, Bi Wangechi, mwanamke mpole mwenye miwani. Aliandika namba yangu, akatazama kompyuta, akanitazama mimi, akatazama kompyuta tena.

"Mama, wewe unafanya biashara gani?"

"Vitabu vya watoto."

"Na simiti?"

Nikacheka. Nilidhani ni utani.

"Hapa unauza simiti, mabati na vyuma vya ujenzi," akasema. "Umeyauzia makampuni mengi ya Nairobi tangu Machi. Nayo yameshatumia risiti zako kupunguza ushuru wao. Wewe hujalipa chochote."

Akanigeuzia kioo cha kompyuta. Jina langu, Farouk. Ruqayya Muhidin, Ruqayya Muhidin, kutoka juu hadi chini, na anaendelea kushusha na mimi bado nipo. Sijawahi kuliona jina langu limeandikwa mara nyingi hivyo, hata kwenye vitabu vyangu. Nikamwambia mimi sijawahi kuuza hata msumari. Akasema, "Nakuamini. Lakini kuamini kwangu hakufuti haya." Kisha akaniuliza, taratibu, kama mtu anayemuuliza mgonjwa: "Nani mwingine anajua neno lako la siri?"

Nikasema hakuna.

Nilisema hivyo kabla sijafikiri. Niliporudi barabarani ndipo nilipokumbuka nilichokuandikia nyuma ya barua ya Januari.

Jana benki wameifunga akaunti yangu. Watu wa maktaba wameandika kwamba wanasikitika. Mchapishaji amevishika vitabu, viko pale kwake vimefungwa kwa kamba, na ana haki.

Lazima kuna kosa. Labda yule mtu wenu wa dukani ameiba karatasi zangu mezani kwako. Labda hata wewe hujui. Niambie hujui, Farouk. Niandikie hata mstari mmoja.

Dada yako,
Ruqayya


(Bila mahali)
9 Januari 2025

Dada Ruqayya,

Assalamu alaykum. Nimemwomba utingo wa basi akuletee bahasha hii, usimuulize nilipo, hajui.

Najua. Nilijua tangu mwanzo.

Bwana Njenga aliniuliza kama nina mtu mwenye biashara ndogo iliyosajiliwa, ambayo haina msukosuko, ambayo hakuna anayeitazama. Alisema ni jina tu linalotakiwa. Hakuna simiti inayotoka, hakuna mabati, ni risiti peke yake. Makampuni yanazinunua ili yaonekane yamenunua vitu. Kila risiti mimi nilipata fungu langu. Nilijiambia ni miezi miwili mitatu, kisha nitaacha, na wewe hutajua, maana wewe makaratasi huyapendi. Kisha mguu wa mama ukaoza. Ulinipigia simu unalia. Ungetaka nifanye nini? Mshahara wangu wa kupakua magunia ungelipa hata nyuzi za kushonea?

Hospitali ni pesa hizo. Kiti ni pesa hizo. Yale mashuka meupe aliyolalia mama hospitalini pia.

Njenga ana wakili, ana watu, jina lake haliko popote. Liko lako, na nyuma ya lako kuna langu kama utalitoa. Nakuomba, dada. Waambie ulipoteza kitambulisho sokoni Kibuye, na neno la siri lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi ndani ya pochi. Watu hupoteza vitu. Watakusumbua kisha watachoka. Mimi hawatachoka nami.

Usimwambie mama.

Mdogo wako,
Farouk


Nyamasaria
2 Machi 2025

Farouk,

Assalamu alaykum. Leo tumeanza kufunga. Barua hii nampa Wasike, rafiki yako, aliyekuja kumwona mama. Hakuniambia uliko, lakini alipoulizwa alitazama chini, basi nimejua anajua.

Hukutaka mama aambiwe, na mimi pia sikutaka. Nilikuwa nikikuandikia majibu na kuyachana. Yeye akasikia karatasi. Akaniuliza, "Ni ya Farouk?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Nisomee." Nikaanza kuruka maneno, nikibuni mengine, kazi yangu ni kubuni, nikamtungia barua nzuri ya mtoto aliye salama. Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Ruqayya, mimi nimepofuka, sijawa mjinga. Sauti yako haisomi. Nisomee alichoandika."

Nikamsomea yote.

Kisha akasema, "Rudia pale pa kiti." Nikarudia. Akashika mikono ya kile kiti alichokuwa amekalia, akasema, "Niteremshe."

Nikamwambia mama, usiku ni baridi, sakafu ni simiti. "Niteremshe." Nilimwita Adongo tukamteremsha kwenye mkeka. Tangu siku hiyo hajakikalia tena. Adongo amembembeleza kwa Kiswahili na kwa Kijaluo, amemwita nyathina, mwanangu, kama mama ndiye mtoto, wapi. Anajivuta kwa mikono hadi mlangoni kuota jua, anajivuta kurudi. Kiliniki tunambeba mgongoni, siku Adongo akiwa na nafasi. Siku nyingine hatuendi.

Sasa ya kwako. Nilijaribu ule uongo wako. Nilikwenda kwa Bi Wangechi, nikamwambia habari za sokoni na pochi. Alikuwa na mwenzake wa upelelezi. Yule mwanamume akanisikiliza, akaandika, kisha akasema, "Mwizi wa pochi aliwasilisha ritani zako za mwaka uliotangulia, akatoa na risiti ya vitabu ya shule ya Pap Onditi? Mwizi mwema huyo." Bi Wangechi akavua miwani. "Mama Ruqayya," akasema, "ukimtaja aliyekuwa na neno lako la siri, wewe ni shahidi. Usipomtaja, wewe ndiye mshtakiwa. Hakuna kiti cha tatu hapa."

Waliniruhusu nirudi nyumbani nikafikiri. Nilimuuliza mama, nimtaje? Akasema, "Nimezaa wawili. Usiniulize nichague."

Basi nilichagua mwenyewe. Nilifikiri nikifungwa, nani atambeba hadi chooni? Nikasema hiyo ndiyo sababu. Lakini nitakuambia kweli, kwa sababu hakuna mwingine nitakayemwambia: hiyo haikuwa sababu yote. Jina langu ndicho kitu pekee nilichojitengenezea hapa duniani. Nilikuwa nikiliona kwenye jalada, najiuliza kama kweli ni mimi. Na wewe ukalipangisha kwa watu. Nilikasirika, Farouk. Nilitia saini kwa hasira.

Nimekutaja. Nimemtaja na Njenga, ila kwa Njenga waliuliza ushahidi uko wapi, na ushahidi ni wewe. Ukijitokeza mwenyewe ukasema yote, labda mambo yatakuwa mepesi. Sitaki ulisikie hili kwa polisi. Lisikie kwangu.

Dada yako bado,
Ruqayya


Rumande, Nairobi
11 Juni 2025

Ruqayya,

Walinichukua Machakos, kwa rafiki, nikinyoa ndevu. Nusu ya uso wangu ilikuwa na sabuni.

Unaandika "dada yako bado." Dada gani? Mimi niliuza jina lako kwenye karatasi ambazo hakuna mtu angezisoma. Wewe umeniuza mimi. Nilimnunulia mama kiti, nikamlipia mguu. Wewe ulimnunulia nini miaka yote hii? Hadithi ya kiboko?

Njenga nimemtaja. Alihojiwa asubuhi, jioni akawa kwake. Humu ndani sasa kuna watu wanaoniuliza kama mimi ndiye niliyemtaja Njenga, na wanaponiuliza hawatabasamu.

Usiniandikie mambo ya kufunga na salaam. Niambie mama anakula au hali. Hilo tu.

Farouk


Nyamasaria
28 Septemba 2025

Mdogo wangu Farouk,

Assalamu alaykum. Sikukujibu ile ya Juni. Nilianza kila siku. Nilitaka kukuandikia kwamba anakula, nisiwe mwongo, kwa hiyo nilikuwa nangoja ale.

Mama amefariki. Ilikuwa Ijumaa ya kwanza ya mwezi huu, kabla ya adhuhuri. Kulikuwa na kidonda kingine, kwenye nyonga, mahali alipokuwa anajivutia. Nilichelewa kukiona kwa sababu alikuwa anakificha kwa kanga. Daktari alisema sumu ilikuwa imeingia kwenye damu. Sikusema chochote kuhusu kiti. Kiti kilikuwa sebuleni wakati wote huo, kimefunikwa shuka.

Nilipiga simu huko uliko, kuomba uruhusiwe kuja kuzika. Niliyempata aliniambia niandike barua ya maombi, ipigwe muhuri na chifu, iletwe na nakala ya hati ya kifo. Nikamwambia, "Bwana, sisi tunazika leo." Akasema, "Pole sana, mama, lakini utaratibu ni huo." Hati ya kifo nimeipata baada ya wiki mbili. Ninayo hapa mbele yangu na sijui niipeleke wapi.

Wanawake wa msikitini walimwosha, nami nikamwagia maji. Alikuwa mwepesi, Farouk, kama mtoto wa darasa la tatu. Kabla hajaanza kupoteza maneno aliniuliza kama umekula. Nikamwambia umekula. Akasema, "Alhamdulillahi." Hayo ndiyo ya mwisho niliyoyaelewa.

Uliuliza nilimnunulia nini. Sina jibu. Nimelitafuta.

Mimi ofisi ya ushuru wameniondoa kwenye kesi, akaunti wameifungua, ndani hamna kitu. Biashara nimeifunga. Nilidhani kufunga ni kufunga mlango, kumbe nako kuna fomu, na kuna mahali wanakuuliza sababu. Niliketi mbele ya kompyuta pale saiba hadi kijana akaniuliza kama nimelala. Niliandika, "Imekwisha." Mashine ikakubali. Vitabu mchapishaji ameviuza kwa kilo, kwa watu wa kufungia njugu. Nafundisha Kiswahili kwa watoto wawili wa jirani jioni. Siandiki.

Wameniita mahakamani kutoa ushahidi mwezi ujao. Nitakuja. Nitasema lililo kweli, nawe ukinitazama kwa chuki sitageuza uso. Nikiruhusiwa nitakuletea chakula.

Wewe ndiye uliyebaki.

Dada yako,
Ruqayya


Rumande, Nairobi
19 Oktoba 2025

Dada Ruqayya,

Waalaykum salaam.

Barua yako imenifikia ikiwa imefunguliwa. Aliyeifungua aliniletea mwenyewe, akanipa sigara, na mimi sivuti.

Jumatatu nimekiri mashtaka yote. Hutaitwa tena, kwa hiyo usipoteze nauli. Hukumu itasomwa, kisha watanihamisha, sijui wapi. Niliyokuandikia mwezi wa sita nimeyakumbuka neno kwa neno. Sina njia ya kuyarudisha.

Umeniandikia aliyemwosha, na saa, na alivyokuwa mwepesi. Kuna jambo moja hukuniandikia, na tangu barua ifike silali. Baba alipokufa, mimi ndiye niliyeshuka kaburini kumpokea, nikamlaza kwa ubavu wake wa kulia, nikamfungua fundo la sanda. Nilikuwa bado kijana, mama akaniambia, na mimi utanifanyia hivi.

Nani alishuka? Nani alimpokea mama?

Niandikie, hata kama ni watu nisiowajua.

Mdogo wako,
Farouk